Nilituma Faksi Nikiwa Umoja

Wasee, mara ya mwisho kusikia neno "faksi" ilikuwa lini? Mimi nililijua kutoka kwa barua za shule. Pale juu, chini ya nembo, kunaandikwa S.L.P., halafu Simu, halafu Faksi. Nilidhani ni pambo tu, kama ule msemo wa shule ambao hakuna mtu anaufuata. Sikuwahi kumwona binadamu akituma faksi. Halafu ikafika Julai 2025, nikajikuta kwa keja yetu Umoja 1, saa nane mchana, nikiomba Mungu mashine moja huko Minnesota ishike simu.

Wacha nianze na Anti. Ni dadake mathe mdogo. Alienda Marekani nikiwa darasa la pili, akafanya ile kazi ya kutunza wazee kwa makao yao, zamu za usiku, miaka na miaka. Mwaka huu amerudi nyumbani kabisa, na amerudi akiwa mgonjwa. Mguu wa kushoto unakufa ganzi, mgongo unamuuma, kutembea kutoka kitandani mpaka choo ni safari. Daktari hapa Nairobi akasema anataka picha ya MRI ya uti wa mgongo. Sawa. Lakini Anti ako na kile kifaa cha moyo, pesimeka, aliwekewa huko Marekani. Na MRI ni sumaku kubwa sana. Kuna pesimeka zinazoruhusiwa kuingia mle ndani kwa masharti, na kuna zingine haziruhusiwi. Kwa hivyo daktari alitaka kujua kwa maandishi: kampuni gani, modeli gani, na zile nyaya zake ni za aina gani. Hizo habari huwa kwa kadi ndogo unayopewa hospitali. Kadi ya Anti ilipotea kwa ile hekaheka ya kuhama.

"Si tuingie kwa akaunti yako ya hospitali?" nikamwambia. Tukaingia. Ikasema imetuma kodi kwa simu yake ya Marekani. Ile laini ilikatwa siku aliyopanda ndege.

Tukapiga simu. Dakika ishirini za muziki, na kredo inaisha. Mwishowe mtu wa idara ya rekodi akasema Anti ajaze fomu ya kuomba rekodi zake, aweke sahihi, aambatanishe kitambulisho, atume kwa posta ama kwa faksi. Nikauliza, na imeili? Akasema fomu hizo hawapokei kwa imeili.

Hapo mathe akaniangalia. Anti pia akaniangalia, halafu akaangalia dirisha.

Lazima niwaambie kitu hapa ndio muelewe venye hiyo nyumba ilikuwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Anti ndiye alikuwa analipa karo. Nilipoacha, Machi 2023, alinipigia simu mara moja, akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akasema sawa. Basi. Kutoka hiyo siku hadi alipotua JKIA hatukuwa tumeongea. Zamani alikuwa ananiita Baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yao. Aliporudi nikawa "wewe". Wewe, niletee maji. Wewe, zima hiyo taa. Sasa mathe anasema, "Huyu ndiye anajua mambo ya mtandao, si ndiyo kazi yake?" Hiyo "kazi yake" ilikuwa na uzito, maze.

Nilianza na saiba ya Mutindwa, ile naprintia vitu zangu. Jamaa ako na printa kubwa, na pale mbele kuna kitufe kimeandikwa Fax. Nikamwambia si hii hapa. Akacheka mpaka akashika meza. "Hiyo inataka laini ya simu ya waya, buda. Wewe umeona waya wa simu wapi huku?" Akaigeuza nyuma akanionyesha tundu lake. Lilikuwa bado na ile plastiki ya dukani, na vumbi juu yake.

Nikapanga kwenda tao Jumatatu niulize maofisini. Hiyo Jumatatu ilikuwa tarehe 7 Julai, Saba Saba. Polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia tao. Kwa hivyo nikatembea Buruburu kumwona babu ya rafiki yangu, mzee aliyefanya kazi Posta na Simu kabla shirika lile livunjwe mwaka wa 1999. Nilijua ako na simu ya waya sebuleni. Kweli iko, imefunikwa kitambaa cha krosheti, na haina mlio. Waya wa shaba wa mtaa wao uliibiwa zamani na hawakungoja tena.

Lakini nilipata darasa. Mzee alisema mashine za kitambo zilikuwa zinatoa karatasi kama ya risiti ya supamaketi, maandishi yake yalikuwa yanafifia, kwa hivyo faksi ya maana ulikuwa unaipiga kopi haraka kabla ijifute. Halafu akasema kitu ambacho kilinifungua macho: "Barua ukiposti, hujui kama imefika. Faksi ikimaliza, mashine yako inakutolea karatasi ndogo: saa, tarehe, namba, kurasa ngapi, OK. Hiyo karatasi unaweka kwa faili. Mtu hawezi kukuambia hakupata." Na faksi ni ya zamani kuliko simu yenyewe. Mskoti mmoja, Alexander Bain, alipata hataza ya mashine ya kutuma picha kwa waya mwaka wa 1843, na Bell akapata yake ya simu mwaka wa 1876. Kwa hivyo nilikuwa naenda kutumia teknolojia ya karne ya kumi na tisa kwa simu yangu ya bando ya siku moja.

Sasa mtandaoni. Hizi huduma za faksi zinafanya hivi: unapakia faili yako, unaandika namba, kompyuta yao inapiga simu ya kawaida kwa ile namba, mashine ya upande ule inashika, zinapigiana kelele kidogo kama redio iliyomeza nzige, kurasa zinapita. Wewe huoni hayo yote, unaletewa imeili tu kwamba imefika ama imekataa. Rahisi. Shida ni biashara yao. Karibu kila moja niliyofungua ilinikaribisha na "jaribu bure siku 7", halafu inataka kadi ya benki kabla hata sijaona mahali pa kuweka faili. Fikiria mwenyewe, mtu anayetafuta faksi kwa Google saa tano usiku anataka kutuma faksi ngapi? Moja! Hakuna msee anaamka akisema mwaka huu ni wa faksi. Lakini wanakuuzia ya kila mwezi kwa sababu wanajua utasahau kuifuta, na hiyo kusahau kwako ndiyo faida yao.

Nikapata moja ya bure. Ziko, msidanganywe. Unatuma kurasa tatu kwenda Marekani ama Kanada bila kulipa, wao wanaweka tangazo lao kwa ukurasa wa kufungulia. Fomu ya Anti ilikuwa kurasa mbili, kitambulisho kimoja, jumla tatu. Nikasema Mungu ni wa Eastlands.

Hapa ndipo nilijichoma. Anti alijaza fomu akiwa kitandani, na kalamu ya bluu ile ya kuchovya chovya. Nikaweka karatasi juu ya leso, nikapiga picha na simu, nikabadilisha ikawa PDF, nikatuma. Baada ya dakika sita nikaletewa imeili: imefika, kurasa 4 pamoja na ya kufungulia. Nikaruka. Nikamwambia mathe mambo imeisha, nikaweka hata stori kwa Insta na ile miwani nyeusi.

Siku mbili baadaye tukapiga simu tena. Kulikuwa na mama mmoja mpole sana, nadhani alikuwa amezoea watu kama mimi. Akasema ndiyo, amepata faksi. Ukurasa mmoja ni mweusi tii. Zile zingine mbili ni maua.

Maua! Ile leso.

Faksi haijui kijivu, wasee. Kwake kitu ni cheusi ama ni cheupe, na vidoti vyake ni kama mia mbili tu kwa inchi ukichagua ile ya ubora, na kwa ile ya kawaida ni nusu ya hivyo kwenda chini. Kivuli cha mkono wangu kilimeza kitambulisho chote. Maua ya leso yalikuwa ya rangi nzito kwa hivyo yalitoka vizuri mno, na sahihi ya Anti ya bluu hafifu ikapotea kabisa. Na ile "imefika" niliyoringia nayo ilikuwa na maana moja tu, mashine imeshika simu na kumeza kurasa. Kama ulichotuma ni kitu ama si kitu, haiwezi kukuambia.

Kisha yule mama akaongeza lingine. Pale tulipoandika rekodi zitumwe wapi, kwa fomu ya kwanza, tulikuwa tumeweka namba ya faksi kutoka kwa karatasi rasmi ya hospitali ya hapa Nairobi. (Alikuwa ameitoa kwa Anti kwa simu, kwa sababu kwa karatasi kulikuwa na maua.) Alijaribu kuipiga. Haiko. Imechapishwa kwa kila karatasi ya hospitali na haiko. Nendeni mkaangalie karatasi za maofisi mnazopewa, mpige hizo namba za faksi mchana mmoja, mniambie ngapi zitashika.

Kwa hivyo sasa nilihitaji kutuma na pia kupokea. Kupokea si bure, ni lazima ukodishe namba. Nikakaa na hesabu. Dola kumi kwa mwezi, kama thao moja na soo tatu hivi. Sina kadi ya benki, lakini kwa M-Pesa kuna ile kadi ya Visa ya mtandaoni, GlobalPay, imekuwako tangu 2022. Nikaweka pesa kamili, si shilingi zaidi, ndio wakijaribu kukata mwezi wa pili wakute jangwa. Dakika tatu nikawa na namba ya Marekani ya faksi. Mtu wa Umoja Innercore aliposikia aliniuliza kama sasa nimekuwa balozi.

Kabla sijapakia tena, nilisimama kidogo. Ile fomu ina jina la Anti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali, sahihi, na kitambulisho chake. Mara ya kwanza nilikuwa nimeirusha kwa tovuti ya bure bila kusoma chochote. Tuko na sheria ya kulinda data hapa Kenya tangu 2019, na nina marafiki wanaoweza kukuhubiria hiyo sheria vizuri sana, lakini tovuti iko huko nje na mimi ndiye nilibonyeza "nakubali". Safari hii nilisoma. Wanaweka faili kwa muda gani, unaweza kufuta mwenyewe, nani mwingine anaona. Inachosha, lakini haichoshi kuliko kueleza shangazi yako ati kitambulisho chake kiko wapi sasa.

Tukajaza upya. Karatasi nyeupe, meza tupu, kalamu nyeusi ya wino mzito niliyonunua mbao. Mkono wa Anti unatetemeka, karatasi ilikuwa inateleza. Akasema, "Baba, shikilia hapa." Nikashikilia. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo neno. Nikapeleka karatasi saiba, jamaa akaziskani flati kwa nyeusi na nyeupe, finje.

Nikatuma jioni, na namba ilikuwa inatumika. Nikatuma tena, inatumika. Jioni yetu ni asubuhi yao ya kazi, na inaonekana Minnesota yote ilikuwa inafaksi hospitali hiyo. Halafu nikakumbuka mashine hailali. Kesho yake nikangoja saa nane mchana, huko ni saa kumi na mbili asubuhi, hakuna mtu ofisini. Ikaenda mara ya kwanza. Kurasa 3, OK. Nikaiprinti hiyo OK kama mzee wa Buruburu, na nilipopiga simu wakati huu yule mama akasema anaisoma vizuri, wangoje, sheria inawapa hadi siku 30.

Kwa hizo siku za kungoja nilisoma sana, na nataka kusema jambo kwa wale wanaocheka. Si Minnesota pekee. Mwaka wa 2018 walihesabu mashine za faksi kwa hospitali za umma za Uingereza wakapata karibu 9,000, waziri wao wa afya akapiga marufuku kununua mpya kuanzia Januari 2019. Mwaka huo huo wa 2018, mkuu wa bima za afya za serikali ya Marekani, Seema Verma, alitaka ofisi za madaktari ziwe bila faksi kufikia 2020. Mmeona vile imeenda. Japani, waziri Taro Kono alijaribu kuondoa faksi kwa ofisi za serikali mwaka wa 2021, na maofisi yenyewe yakamletea mamia ya pingamizi. Hawa si watu wasiojua kompyuta. Wanang'ang'ania ile OK ya mzee wa Buruburu. Na hospitali za Marekani nyingi zina mifumo ambayo haiongei, hospitali moja haiwezi kufungua faili ya nyingine, lakini zote zinaweza kushika simu.

Na sisi tusijisifu sana ati tunatuma pesa kwa simu tangu 2007. Juzi mathe alihitaji barua ya chifu. Alijaza kila kitu, akapiga foleni asubuhi mbili, kwa sababu mwenye muhuri alikuwa ametoka. Muhuri ndio faksi yetu. Siku Mmarekani atakuja kuandika posti kuhusu vile alitafuta muhuri wa mpira Nairobi, tutanyamaza.

Rekodi zilikuja siku ya kumi na moja, usiku wa saa tano na dakika ishirini. Kurasa 41. Simu ililia, nikafungua nikiwa nimelala. Zilikuwa na michirizi na zingine zimekaa mshazari, lakini zinasomeka. Nilikuwa natafuta modeli tu, naapa. Lakini kurasa hazikuwa na mpangilio, kwa hivyo ilibidi nipite zote.

Ilikuwa ukurasa wa 17. Jina la kampuni, modeli, namba ya kifaa, nyaya mbili na modeli zake. Na tarehe aliyowekewa: 6 Septemba 2022.

Nilibaki nikiangalia hiyo tarehe. Halafu nikafungua M-Pesa, nikapandisha taarifa za zamani mpaka 2022. Karo yangu ya mwaka wa pili iliingia tarehe 9 Septemba. Siku tatu. Alikuwa ametuma na ujumbe, nikautafuta kwa WhatsApp, bado uko: nisome, nisisahau kununua koti, Nairobi kuna baridi. Hakusema ako hospitali. Mathe pia hakuwa anajua hiyo tarehe, alijua tu "waliniweka kitu kidogo".

Mimi hiyo semista nilienda darasani labda mara kumi.

Asubuhi nikaprinti kurasa nne za daktari, na zile zote 41 nikaweka kwa faili la plastiki nikampelekea Anti. Akazipima kwa mkono kama mtu anapima unga. Akauliza, "Umezisoma?"

Nikasema nilikuwa natafuta modeli.

"Na ukaipata."

"Niliipata, Anti."

Akaweka faili chini ya mto. Akaniuliza hiyo faksi yote imekula pesa ngapi, nikamwambia, akatoa pochi. Nilikataa. Akasema nisilete ujuaji, akaniwekea thao mbili juu ya meza, na ziko hapo mpaka leo chini ya redio kwa sababu hakuna mmoja wetu anataka kuzichukua.

Daktari alisoma ukurasa wa 17 akapiga simu mbili, akasema kifaa hicho na nyaya zake zinaruhusiwa kwa masharti, lazima mtu wa moyo awepo akibadilishe kabla ya picha na akirudishe baadaye. Tumepewa Jumanne. Nimeshaongea na msee wa teksi kwa sababu Anti hawezi zile ngazi za mathree.

Kwa wenye mtahitaji: kalamu nyeusi, meza tupu, skana flati, tuma wakati wao wamelala, na pigeni simu muulize binadamu kama anaona maandishi. Kodisha namba kama lazima upokee, na uweke alamu ya kuifuta. Mimi niliifuta siku ya 26. Wakaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nikafuta na kurasa zote kwa akaunti yao, moja moja, 41, kwa sababu hakuna kitufe cha kufuta zote. Ule wa 17 nilikuwa nimeuhifadhi kwa simu yangu kwanza. Na namba yangu ya Marekani imekufa, kwa hivyo msinitumie faksi.